Darasa la jioni la Majengo, Moshi: siku nne nzima za "put off" na hela yangu haijapotea

Wakuu habari za saa hizi. Naona watu wa Moshi na Arusha wanauliza sana wapi mtu akasome Kiingereza cha kuongea na wageni, hasa sisi tunaopandisha wageni Mlima Kilimanjaro, na majibu yanayokuja ni mafupi mno, "nenda tu popote", sasa mimi naleta ya kwangu kwa kirefu maana nimelipa, nimekaa wiki sita, nimemaliza. Darasa liko Majengo, halina bango wala jina, ni chumba kimoja nyuma ya nyumba, ubao, mabenchi, feni moja. Mwalimu ni mama mstaafu, alifundisha sekondari miaka mingi, tunamwita Madam tu. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa kumi na moja mpaka saa moja jioni. Ada shilingi 60,000 kwa wiki zote sita na anakubali ulipe mara mbili.

Kabla sijasema zuri au baya niwaambie kilichonipeleka, bila hicho hamtaelewa kwanini nalisifia darasa lililotumia siku nne kwenye maneno mawili.

Nimeanza mlimani kama mgumu, nikabeba mizigo misimu kadhaa, baadae nikawekwa weita, yani nahudumia wageni kwenye hema la chakula. Safari moja ya njia ya Lemosho tumefika Karanga, kambi iko karibu mita 4,000, kesho yake ndo mnasogea Barafu na usiku wa manane mnaanza kupanda kileleni. Jioni nimepeleka supu, dada mmoja mgeni akaionja kijiko kimoja akasukuma bakuli, akaniambia kwa upole kabisa "I'm sorry, the altitude has put me off my food". Mimi nilikua nimeshasoma Kiingereza sehemu flani mjini, sitaitaja, walikua wanatupa orodha ya kukariri: put on vaa, put out zima, put off ahirisha. Kwaiyo nikaelewa mgeni anaomba chakula kiahirishwe. Nikaenda kwa mpishi nikamwambia mgeni wa hema la pili anasema msosi usubiri kidogo, mpishi akafunika kwenye hotpoti, tukangoja. Hakuitisha. Nikaona labda amelala. Sikumwambia muongozaji kwasababu kwa akili yangu hapakua na kitu cha kumwambia.

Kesho yake njia nzima ya kwenda Barafu alikua anaburuza miguu, na jioni pale Barafu, zaidi ya mita 4,600, akaanza kutapika na kichwa kinamuuma vibaya. Muongozaji mkuu akauliza ameacha kula tangu lini, nikamrudishia ile sentensi neno kwa neno. Akanyamaza kidogo alafu akasema "huyu hakukuambia uahirishe, alikuambia hamu ya chakula imemtoka, tena jana". Na kila anayefanya kazi kule anajua mgeni kukataa chakula ni moja ya dalili za mwanzo za ugonjwa wa mwinuko, yani mwili kushindwa hewa nyepesi ya kule juu, ndo maana tunahesabu hata vijiko. Ilibidi ashushwe usiku uleule na asistenti, yani msaidizi wa muongozaji, kwa njia ya Mweka. Alipofika chini alipona, namshukuru Mungu, ila kilele hakukiona na alikua amejiandaa muda mrefu, alituambia hivyo siku ya kwanza. Hiyo sentensi nimetembea nayo mpaka leo.

Haya sasa darasa.

Siku ya kwanza Madam hakuandika Kiingereza hata kidogo. Aliandika PIGA. Akauliza kupiga ni nini, tukasema kugonga, kuchapa. Akasema sawa, sasa ukipiga simu umeichapa? Ukipiga pasi, ukipiga mswaki, ukipiga deki, ukipiga kura, ukipiga magoti, ukipiga chafya, nani amechapwa? Darasa kimya. Akasema mgeni anayejifunza Kiswahili analia na "piga" kama nyie mnavyolia na "put" na "take" na "get", na hakuna kati yenu aliyewahi kukariri orodha ya piga, mmekua nayo tu, kila moja mmeikuta mahali pake inafanya kazi. Alafu akasema hiki: sisi tukitaka kubadilisha kitenzi tunachezea mkia wake, funga inakua fungua, fungia, fungisha, fungana, wao mkia hawana wa hivyo, kwaiyo wanaweka kineno nyuma, off, on, up, out, na hicho kineno ndo kinafanya kazi ya mkia. Mimi hapo nilikua nimeshalipa nusu ada, moyoni nikasema hata ningeishia leo imetosha.

Siku ya pili ndo akaingia "put off" na hakutoka mpaka wiki iliyofuata. Aliianza na kikombe mezani. Put ni weka. Off ni kutoka juu ya kitu, kuachana nacho, kuwa mbali nacho. Akakisukuma kikombe mpaka ukingoni. Akasema shikeni hii picha moja tu, kuna kitu kinasogezwa mbali, alafu kila mara mkisikia put off jiulizeni ni nini kimesogezwa na kimesogezwa mbali na nini.

Kwanza kinasogezwa siku. Alileta kalenda ya ukutani na kokoto, kokoto iko Jumanne, akaihamishia Ijumaa: "They put off the meeting until Friday." Hapa ndo ile ahirisha tuliyokariri wote, na sio uongo, ni chumba kimoja tu cha nyumba nzima. Akatupa na ule msemo wao, "never put off till tomorrow what you can do today", mzee mmoja dereva aliyekaa mbele akajibu hapohapo linalowezekana leo lisingoje kesho, Madam akafurahi kweli. Alafu kanuni: kama kinachoahirishwa ni tendo, kitenzi kinachofuata kinachukua -ing. "I put off going to the dentist." Sio put off to go. Hii wengi tunakosea, mimi nikiwa mmoja, kwasababu Kiswahili kinasema nimeahirisha kwenda na "kwenda" kichwani inatoka kama "to go".

Pili kinasogezwa moyo. Hii ndo nililia nayo. Ukisema kitu kime-put you off, kimekutoa wewe, hamu yako, mapenzi yako, kikakuweka mbali na jambo. "The smell put me off." "Don't let the rain put you off." Madam akauliza hii kwa Kiswahili tunaitaje na tulibishana karibu nusu saa, yani hiyo nusu saa ndo bora kuliko zote nilizokaa mle ndani, kwasababu hakuna neno moja. Kama ni chakula utasema hamu imenitoka, au nimekinai, ingawa dada mmoja wa hoteli alikataa kukinai akasema kukinai lazima uwe umekila kwanza kikakuchosha, put off inaweza ikakupata hata hujaonja, na Madam akamkubalia. Kama ni biashara, "high prices put customers off", tukasema bei inakimbiza wateja, hiyo ilipita bila ubishi. Kama mtu kasema maneno ya kukuondoa kwenye mpango wako utasema kanikatisha tamaa au kanivunja moyo. Kama ni uchafu utasema kimenitia kinyaa. Maneno manne matano tofauti na Mwingereza anatumia hilohilo moja. Kuna na kivumishi chake, "off-putting", kitu kinachokuondoa hamu, mtu anaweza akaandika kwenye maoni ya hoteli "the toilets were off-putting" na ukaona kama ni neno dogo, sio dogo, amesema vyoo vilimfukuza.

Tatu inasogezwa akili. Unafanya kitu kinachotaka utulivu, mtu anaongea pembeni, unamwambia "stop it, you're putting me off". Hapa kijana mmoja anayecheza mpira akasema Madam si ni kumtoa mtu mchezoni, kama kipa anavyorusharusha mikono mpigaji wa penalti akose. Ndo hiyohiyo. Hii inatumika zaidi na Waingereza kuliko Wamarekani, Mmarekani utamsikia zaidi akisema "distract".

Nne anasogezwa mtu mwenyewe, na hapa ndo ilitokea kitu sitakisahau. Sentensi ilikua "I asked for my money but he keeps putting me off." Nyuma kabisa kuna mama anauza mitumba soko la Memorial, huwa haongei, akasema kwa sauti "si anapigwa kalenda huyo!" Darasa zima likalipuka. Madam aliweka chaki chini akarudi kwenye ile PIGA aliyoiandika siku ya kwanza, hakuwahi kuifuta ile kona ya ubao, akaongeza chini yake KALENDA. Akasema mmeona, kupigwa kalenda, hakuna anayechapwa na hakuna kalenda inayogonga mtu, lakini kila mtu hapa anajua maumivu yake, leo kesho, njoo Jumatatu, nipigie mwisho wa mwezi. Keeps putting me off ni kunipiga kalenda. Tangu siku hiyo hakuna mtu aliyekosea hiyo maana tena, hata kwenye mtihani wa mwisho.

Kuna na ya kale aliipitisha haraka, Biblia ya Kiingereza ya King James ya 1611, Kutoka 3:5, Musa anaambiwa "put off thy shoes from off thy feet", yetu inasema vua viatu vyako. Siku hizi kuvua ni "take off", ukimwambia mgeni put off your shoes atakuelewa ila atakushangaa. Na taa, huku kwetu tunasema sana "put off the lights", Waingereza wa leo wengi watasema "turn off" au "switch off". Madam hakusema ni kosa, alisema ukiwa na mgeni tumia turn off uwe salama. Mi napenda mwalimu wa hivyo, hafuti Kiingereza chetu, anakupa kingine cha kutumia mahali pake.

Sarufi yake nayo aliishika vizuri. Unaweza ukasema put off the trip au put the trip off, zote sawa. Lakini ukitumia "it" lazima iingie katikati, "put it off", kamwe usiseme put off it. Alitupigisha zoezi la mdomo mtu mmoja mmoja, she put the climb off, she put it off, we put them off, mpaka ulimi ukazoea bila kuwaza. Na kwa ile maana ya kutolewa hamu, mtu anakaa katikati na kitu kinakuja mwisho: put me off my food, put him off coffee. Hapo ndo nikaielewa ile sentensi ya Karanga ilivyojengwa. "Me" ndo niliyesogezwa, "my food" ndo nilichosogezwa mbali nacho. Kama ningeijua hiyo nafasi ya "me" tu nisingeweza kusikia ahirisha, kwasababu ukiahirisha chakula unasema put the food off, hakuna mtu anayekaa katikati. Siku hiyo nilimsimulia Madam baada ya darasa, hakunipoza kwa maneno, alinipa zoezi la kuandika sentensi kumi za mlimani zenye hiyo.

Jambo lingine lililonifaa ni tofauti ya put off na "call off". Call off ni kufuta kabisa. Rafiki yangu yuko ofisi moja ya utalii, mgeni aliandika kwamba kwa sababu ya mvua za masika "we would like to put off our climb until September", ofisini wakasoma kama amefuta, wakaanza kumjibu habari za kurudisha hela, mgeni akachanganyikiwa akadhani wao ndo hawamtaki. Mteja kasema anakuja, nyie mnamuaga! Kama unajibu barua pepe za wageni hiyo moja tu inalipa ada.

Sasa mabaya, na nayasema kwa kulipenda darasa.

Tulikua 24 kwenye chumba cha watu labda 15. Ukikaa nyuma husikii vizuri, na feni iko mbele. Umeme ukikatika anawasha taa ya kuchaji, ubao hauonekani.

Hakuna sauti za kurekodi. Tunamsikia Madam tu, na Kiingereza chake ni kizuri, cha polepole, kila neno limesimama peke yake, lakini mgeni aliyechoka kwenye hema haongei hivyo, "put it off" inatoka kama neno moja. Nilimwambia angetafuta hata simu na spika ndogo tusikilize Wamarekani, Waskoti, Wajerumani wanaoongea Kiingereza, maana hao ndo tunaowapandisha. Kasema atalifanyia kazi.

Kubwa kuliko yote ni mgawanyo wa muda. Vipindi viko 18, vinne vimekwenda kwa put off, na mimi sijutii kwa upande wangu, lakini wiki ya mwisho tulikimbizwa. "Throw up" na "pass out" zilipata dakika kumi! Throw up ni kutapika, pass out ni kuzimia. Kwa mtu wa mlimani hayo ndo maneno ya kulala nayo, mgeni akisema "I nearly passed out" alafu wewe ukafikiri kuna mtu kapita nje, tumerudi kulekule nilikotoka mimi. "Run out of" hivyohivyo, maji yameniishia. Ningekua mimi ningeitoa "put up with", yani kuvumilia, jioni moja, nafasi hiyo nikaipa pass out. Na angewatenga watu, wa hoteli kivyao, wa mlimani kivyao, madereva kivyao, hata kwa siku moja tu ya wiki.

Wa mlimani tuna na shida ya ratiba, msimu mkubwa wa Juni mpaka Oktoba uko juu siku saba nane, ukishuka wenzako wako mbali. Hapa nampa Madam alama zote, anakuandikia ulipoishia na unaungana na kundi linalofuata bila kulipa tena. Mimi niliunga hivyo mara mbili.

Kama limenisaidia? Julai tulikua Karanga tena, safari ya njia ya Machame, mimi sasa nikiwa nafuatana na muongozaji kujifunza kazi ya uasistenti. Mzee mmoja asubuhi kikombe cha kahawa kiko mbele yake, kila siku alikua anakunywa viwili, akasema kwa mkewe, hata sio kwangu, "strange, the smell's putting me off". Sikusubiri sentensi ya pili. Nikaenda kwa muongozaji, akaja na kile kifaa cha kubana kidoleni kinachosoma oksijeni, akamuuliza maswali, kichwa kilikua kinamuuma tangu usiku na hakutaka kusumbua watu. Tukampunguzia mwendo, begi lake nikabeba mimi, maji kila dakika chache, na jioni pale Barafu muongozaji akakaa nae anakula kijiko kwa kijiko mpaka bakuli la supu likaisha. Usiku hali ilikua nzuri akaruhusiwa kupanda. Alifika Stella Point, ukingoni mwa kreta chini kidogo ya kilele cha Uhuru, mita 5,756, akasema panamtosha, akageuza na asistenti. Alishuka kwa miguu yake mwenyewe.

Kwaiyo kwa anayeuliza: ukiwa hujui Kiingereza kabisa kabisa usianzie pale, Madam anategemea una msingi wa sekondari na darasa litakupita. Ukiwa unaongea kidogo lakini wageni wakianza kuongea wao kwa wao unapotea, hapo ndo pako. Nenda na daftari kubwa maana hagawi karatasi, na yeye huwa anaomba kila mtu aje na sentensi moja aliyoisikia kwa mgeni wiki hiyo, kwaiyo anza kuziandika kuanzia sasa hata kama hujazielewa, ziandike kama ulivyozisikia. Uwahi saa kumi na nusu upate benchi la mbele. Kundi jipya anaanza nalo kila likiisha la zamani, hakuna tangazo, unaenda tu unaandikisha jina.